Sahani Mbili za Mbegu

“Sahani mbili, Mama,” alisema Moraa. “Na ya pili ulijipakulia mwenyewe.”

“Usinihesabie matonge,” alisema Bi Flaviana. “Nilikula nilichowekewa. Mkwe akikuandalia chakula, unaanza kuuliza kimetoka kaburi gani?”

“Ulisema githeri imepikwa ikapikika. Ulisema kwenu hamjui kupika hivyo.”

“Nilisema makande. Na nilisema kwa adabu tu.”

Walikuwa wamesimama jikoni, katika mji wa Katy kando ya Houston, Ijumaa asubuhi ya mwezi wa tatu, mwaka 2019. Mlango wa friza ulikuwa wazi baina yao ukiwapulizia baridi, na hakuna aliyetaka kuufunga, kwa maana kuufunga kungekuwa kama kumfunika maiti shuka. Kule ndani, kati ya samaki na mfuko wa sukumawiki, palikuwa na nafasi tupu iliyozungukwa na barafu. Hapo ndipo mbegu zilipokuwa zimekaa miezi mitano.

“Lakini si uliona hayaivi?” aliuliza Bi Flaviana.

“Niliona. Nikadhani yameganda sana. Nikayatia kwenye presha saa nzima.”

“Saa nzima. Masikini, yalijitetea.”

Moraa alikuwa muuguzi, mke wa Melkiori, na Melkiori alikuwa ndiye mtoto pekee wa Bi Flaviana, dereva wa lori ambaye juma lile alikuwa barabarani kuelekea Arizona, salama mbali na ugomvi. Kwa Moraa, Mkisii wa zamu za saa kumi na mbili, friza ndiyo nyumba ya maharagwe. Unachemsha sufuria zima siku ya mapumziko, unagawa mifukoni, unagandisha. Ukirudi kazini miguu imevimba unatoa mfuko mmoja, unatupia mahindi, watu wanakula. Mfuko wa maharagwe ndani ya friza ulikuwa chakula, kama vile kiatu mlangoni kilivyo kiatu. Angejuaje kwamba huu mmoja ulikuwa mbegu? Haukuandikwa chochote.

Na haukuandikwa kwa sababu Bi Flaviana alikataa. Aliambiwa aandike. Akasema mbegu haijui kusoma.

“Mimi najua,” alisema Moraa kwa sauti ndogo, kisha akafunga friza, akaketi, akajifunika uso kwa mikono. Hapo Bi Flaviana akaona ugomvi umemwishia mkononi kama kamba iliyokatika. Yeye mwenyewe alikuwa amekula urithi wa mama yake, akaongeza, akaramba mwiko.

Sasa ni lazima ueleweke urithi huo ulikuwa nini, maana si kila haragwe ni haragwe.

Kule Muleba, Tanzania, mama yake Bi Flaviana hakupanda maharage ya aina moja hata siku moja. Alipanda mchanganyiko, aina tisa, chini ya migomba: mekundu, meusi, ya njano, meupe, ya kahawia, ya zambarau, yenye madoa kama kanga, yenye mistari, na mwisho madogo ya kijivu ambayo hakuna aliyeyapenda, maana yalifanana na mavi ya panya. Hayo tisa yalilindana. Mwaka wa jua kali, mekundu yalibeba wenzake. Mwaka wa kutu ya majani, meusi ndiyo yaliyokataa kufa. Na mwaka ule wa mvua isiyokatika, mwaka ambao Bi Flaviana husema vyura walihamia juu ya mapaa wakaanza kupangisha vyumba, kila kitu kilioza isipokuwa yale madogo ya kijivu. Nyumba nzima ilikula mavi ya panya hadi msimu uliofuata, na hakuna aliyekufa.

Namna maharage yale yalivyofika Houston hubadilika kila akisimulia. Mara aliyashona kwenye pindo la kitenge. Mara aliyatunga akayavaa shingoni kama shanga. Na mara mbwa wa uwanja wa ndege aliyanusa, akaketi, akatokwa na machozi kwa kukumbuka kwao. Lililo kweli ni kwamba yalifika, yakakaa ndani ya kibuyu katika nyumba ya chini aliyopanga Melkiori kwenye mtaa wa Sharpstown, na yakatundikwa juu ya jiko la gesi ili yapate moshi kama inavyotakiwa. Jiko la gesi halina moshi, kwa hiyo Bi Flaviana alichoma majani makavu kwenye kikaango. King’ora cha darini kilipiga kelele, wakatoka wapangaji wa jengo zima na watoto na mito yao, na tangu siku hiyo akajulikana.

Kisha ikaja mvua ya kimbunga Harvey, mwaka 2017. Anasema kibuyu kiliogelea chenyewe kikapanda ngazi hadi ghorofa ya pili, kikabisha hodi kwa Elimringi. Elimringi, Mpare mpole aliyekuwa jirani yao, anasimulia vingine: kwamba alimbeba Bi Flaviana mgongoni, maji yakiwa kiunoni, na Bi Flaviana akakibeba kibuyu kichwani, huku akimwelekeza pa kukanyaga kama anaendesha punda. Nusu ya mbegu zililowa. Zile kavu alijibakizia konzi tatu, nyingine akazigawa mara moja, konzi kwa konzi, kwa kila aliyekuwa na kipande cha udongo: Elimringi akapata, na Kerubo, muuguzi rafiki yake Moraa anayekaa Dallas, akapata. Mbegu isikae nyumba moja; hilo maji yalikuwa yamemfundisha.

Ila aligawa kwa sharti la mama yake. Mbegu ya kupewa haishukuriwi, na mbegu iliyotoka mkononi haifuatwi. Ukishukuru, mbegu inadhani safari yake imekwisha. Ukiifuata ukauliza, “Je, imeota?” inaona haya kama bi harusi anayechunguliwa dirishani, inakataa kutoka. Sharti hilo alilihubiri Sharpstown nzima hadi Dallas. Watu wakalishika. Hakuna aliyesema asante, hakuna aliyeleta habari, na kwa karibu miaka miwili Bi Flaviana hakujua hata moja kama lilimea.

Aliyelipinga sharti hilo alikuwa Cherotich.

Cherotich alifanya kazi kwenye maktaba ya umma si mbali na kule walikokaa zamani, na alikuwa msimamizi wa kabati moja la mbao lenye droo ndogo ndogo. Zamani zilitunza kadi za vitabu. Sasa kila droo ilikuwa na bahasha za mbegu: bamia, kunde, nyanya, mchicha. Mtu yeyote anachukua bure, anapanda, akivuna anarudisha kiasi. Sehemu hutumwa kwenye benki kubwa ya umma, huko zinakotunzwa kwenye baridi miaka na miaka, na mkulima wa popote akiomba anapelekewa, na hati zake za ukaguzi juu. Cherotich alimwomba Bi Flaviana ailetee maktaba zile aina tisa. Bi Flaviana alitaka, lakini waligombana mambo mawili. Cherotich alitaka kila aina ikae bahasha yake, na Bi Flaviana akasema kuwatenganisha ni kuwaua. Cherotich alitaka daftari: nani alipewa, lini, zikamea vipi. Bi Flaviana akasema hilo ni la polisi. Walichokubaliana kilikuwa kimoja tu, kwamba mbegu zikae ndani ya friza hadi waelewane.

Halafu, wiki mbili kabla ya makande yale, simu ilipigwa kutoka Muleba. Alikuwa dada yake, Annonciata. Kule sasa kijiji kizima kinapanda aina moja ya dukani. Inazaa vizuri, hakuna anayesema haizai. Lakini mvua mbili mfululizo zilikuwa nyingi kupita kiasi, na kwa kuwa mbegu zote ni ndugu wa tumbo moja, zote ziliugua siku moja zikaoza siku moja, shamba hadi shamba.

“Dada, yale ya mama unayo bado?” Annonciata aliuliza. “Huku nimetafuta hadi Bukoba. Hakuna.”

“Nina gunia,” alijibu Bi Flaviana.

Alikuwa na konzi tatu. Lakini mtu akiwa Amerika atasemaje ana konzi tatu?

Cherotich alipoambiwa, alipiga hesabu ya majira. Mbegu zipandwe kwenye bustani nyuma ya maktaba kabla wiki ijayo haijaisha, kwa sababu joto la Juni la Houston huangusha maua. Zikiiva, zikaguliwe, nusu ibaki benki na nusu isafiri na hati kwenda Muleba ifike kabla ya upandaji wa mwezi wa tisa. Bi Flaviana alikubali hata bahasha. Angepeleka mfuko Jumanne.

Na sasa mfuko ulikuwa umeliwa.

“Twende kwa Cherotich,” alisema Moraa, akajifuta macho kwa taulo la vyombo. “Mimi ndiye nitasema.”

Walimkuta Cherotich amepiga magoti mbele ya kabati lake. Moraa alisema yote kwa pumzi moja, mpaka ile presha. Cherotich hakupandisha sauti. Aliinuka, akawatazama kwa zamu, akauliza, “Yalikuwa matamu?”

“Sana,” alisema Bi Flaviana. “Ndilo linaloniuma.”

“Sasa unaona, Mama. Sikukuambia ulete kwa sababu mimi najua kutunza kuliko wewe. Nyumba moja ni nyumba moja. Leo maji, kesho panya, kesho kutwa mtu ana njaa amerudi kazini. Benki ya mbegu si pa kuficha. Ni pa kuhakikisha ajali ya jikoni mwako haiwi ajali ya kijiji.” Akapangusa magoti. “Uliowagawia ni kina nani?”

“Hawaulizwi.”

“Mama.”

“Mbegu haifuatwi, Cherotich. Mama yangu alifariki bila kuuliza hata moja.”

“Mama yako alikuwa akipita njiani anaiona imeota kwa jirani,” alisema Cherotich. “Hakuwa na haja ya kuuliza. Wewe jirani yako yuko maili mia mbili na arobaini.”

Bi Flaviana hakujibu, na hilo lilikuwa jambo la kuandikwa ukutani, maana watu wanaomjua wanasema alizaliwa akijibu. Alitoka nje, akaingia garini, akafunga mkanda. Moraa alipoketi kwenye usukani aliambiwa, “Twende kwa Elimringi. Kumsalimia tu.”

Elimringi alikuwa bado ghorofa ya pili. Aliwakaribisha kwa chai ya tangawizi, akauliza habari za Melkiori, za lori, za mjukuu Angel na shule. Bi Flaviana alijibu yote huku shingo imerefuka kuelekea roshani. Moraa akafungua kinywa, akafinywa paja.

“Mama Melkiori, unatafuta msalani?” aliuliza Elimringi.

“Natazama tu hewa.”

Elimringi akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Alikuwa mtu wa kushika sharti, na sharti lilimkataza kusema kama lilivyomkataza mwenzake kuuliza. Wakakaa hivyo, watu wazima wawili. Mwishowe Elimringi akasema, “Nina jirani mmoja hapa.”

“Ehee.”

“Ana ndoo tatu za udongo. Amepanda maharage ndani yake.”

“Jirani huyo ana akili. Ya rangi gani?”

“Mekundu.”

“Na mengine alifanyaje, huyo jirani?”

Elimringi akatazama ndani ya kikombe. “Aliyala. Aliona mekundu ndiyo mazuri, akabakiza hayo tu.”

“Mwambie jirani yako ni mlafi,” alisema Bi Flaviana.

“Ameshajiambia.”

Wakaondoka na kopo la maharage mekundu, safi, makubwa kuliko yalivyokuwa Muleba. Hakusema asante, naye Elimringi hakuitazamia. Kwenye ngazi Moraa alianza kucheka, akacheka hadi akashika ukuta, na Bi Flaviana akamwacha acheke kwa kuwa toka asubuhi alikuwa hajamwona na uso wa mtu.

“Moja kati ya tisa,” alisema. “Kesho Jumamosi una zamu?”

“Nimeshabadilishana na mwenzangu,” alisema Moraa. “Nilijua utataka Dallas.”

Njia ya Dallas ni saa nne kama hakuna ajali, na Bi Flaviana aliitumia kumweleza mkwewe jinsi babu yake alivyofuga chatu wa kulinda migomba, chatu aliyejua siku za sikukuu. Moraa aliendesha, akaitikia “enhe” mahali panapotakiwa. Karibu na mji wa Corsicana, hadithi ya chatu ikiwa katikati, akauliza ghafla, “Mama, tusipoyapata utamwambia nini Mama mdogo Annonciata?”

Bi Flaviana akatazama ng’ombe wa nje. “Nitamwambia gunia limeibwa.”

“Na mimi utaniweka wapi? Nitakuwa mwizi?”

“Nitasema mwizi alikuwa mpishi hodari.”

Hakuna aliyecheka.

Kerubo aliwapokea kwa kuwakumbatia, akawawekea ugali na kuku, na hakutaja mbegu. Bi Flaviana akajaribu dawa ya Sharpstown. “Kerubo, mwanangu, huna jirani mwenye maharage?”

Kerubo hakuelewa jirani gani. Ilibidi Moraa amvute pembeni, karibu na mashine ya kufulia, na Kerubo aliporudi uso wake ulikuwa umeanguka. Alikuwa nayo meusi kidogo kwenye mtungi. Mengine aliyagawa kanisani, msimu baada ya msimu, kwa huyu na yule kwenye maegesho, kwa sharti lilelile: usinishukuru, usiniambie. Hakukumbuka ni kina nani. Wengine hakuwajua hata majina, aliwajua kwa magari.

“Mlinifundisha wenyewe,” alisema.

“Tulikufundisha vizuri mno,” alisema Bi Flaviana.

Jumapili Bi Flaviana alikwenda nao kanisani. Yeye ni Mkatoliki, lakini mwenye shida hachagui kengele. Lilikuwa kanisa la Wakenya, limejaa, wauguzi waliotoka zamu moja kwa moja wakiwa wamevaa koti juu ya sare, madereva, wanafunzi, watoto wanaojibu Kiingereza wakisemeshwa Kiswahili. Baada ya nyimbo mchungaji akasema lile neno linalosemwa kila Jumapili: wageni wetu wasimame, watusalimie, tuwajue.

Bi Flaviana alikuwa amekusudia kutaja jina na kuketi. Akasimama. Akapewa maikrofoni, akaishika kama mwiko.

“Bwana asifiwe.”

“Amina.”

“Naitwa Flaviana. Nimetoka Katy, na kabla ya Katy nimetoka Muleba, ambako marehemu mama yangu alikuwa na maharage makali kiasi kwamba tukiyachuma tulikuwa tunayaomba radhi kwanza.” Watu wakacheka. Angeweza kuishia hapo na kicheko chake, na ndivyo miguu ilivyotaka. Aliona nyuso zote zile, na hakuna hata moja aliyoweza kuisoma. Akaona Moraa ameinamisha kichwa, anasokota kamba ya mkoba.

“Katika maisha yangu sijawahi kuuliza mbegu niliyoitoa,” alisema. “Nina miaka sitini na minane. Leo nauliza. Nilimpa Kerubo maharage ya mchanganyiko, naye aliwapa ninyi. Kama yalifika kwako, hata moja, niambie. Kama uliyatupa, nionyeshe ulipoyatupa. Yale ya nyumbani kwangu yamekwisha, na kule nilikozaliwa dada yangu anayangoja, ardhi iko tupu.”

Kisha Moraa akasimama kando yake, bila kuitwa.

“Bwana asifiwe. Mimi ndiye mkwe wake. Nami ndiye niliyeyapika.”

“Nami nikayala,” alisema Bi Flaviana kwenye maikrofoni. “Sahani mbili. Sasa mnajua wote.”

Kicheko kilichoinuka kilimfanya hata mchungaji ashike mimbari. Lakini ibada ilipoisha, kule kwenye maegesho, walianza kuja. Mama mmoja mwenye kilemba alisema anayo ya njano, yako karakana ndani ya kopo la kahawa, alikuwa hajui yanaitwaje. Mwanamume mmoja alikuwa na yenye madoa, mkewe huyapanda kandokando ya uzio kwa sababu ya maua yake tu. Mwingine alileta moja, haragwe moja la zambarau, alilokuwa akilitembeza kwenye pochi kama hirizi kwa kuwa alilipenda sura. Bi Flaviana alilipokea kwa mikono miwili.

Hadi saa tisa alasiri meza ya jikoni kwa Kerubo ilikuwa haina pa kuweka kikombe. Mabakuli, makopo, soksi moja ya mtoto imejaa maharage meupe. Moraa alikuwa na daftari. Aliandika jina la kila aliyeleta, mahali alipopanda, jua lilikuwaje, maji alitia mara ngapi, na Bi Flaviana alimwacha aandike. Tena alikuwa akimsahihisha.

“Andika huyu wa uzio alisema hakumwagilia kabisa mwezi wa saba na yenye madoa hayakujali. Cherotich atalitaka hilo.”

“Nimeandika, Mama.”

“Na la zambarau andika liko moja. Lipandwe katikati, lipate wenzake wa kulichunga.”

“Lenyewe lina bahasha yake.”

“Kwenye bahasha likae kwa kulala. Kwenye udongo lichanganywe. Waambie maktaba hivyo, nusu kwa nusu, na waandike kwamba nimesema mimi.”

Moraa alihesabu kwa ncha ya kalamu. Mekundu ya Elimringi, meusi ya Kerubo, njano, meupe, kahawia, zambarau, madoa, mistari. Nane. Alihesabu tena, akatazama juu. Bi Flaviana alikuwa ameshajua tangu saa saba, na alikuwa akisubiri hodi mlangoni.

“Yale madogo,” alisema. “Ya kijivu.”

“Mama, nane si haba,” alisema Moraa.

“Nane ni za jua na za kutu. Annonciata ana mvua. Nikimpelekea hizi nane bila ile moja nimempelekea mapambo.” Akamgeukia Kerubo, aliyekuwa akisuuza vikombe polepole kupita kiasi. “Kerubo.”

“Mama.”

“Yalikuwemo kwenye konzi niliyokupa. Niliyaona kwa macho yangu.”

Kerubo akafunga bomba. “Nilidhani ni takataka, Mama. Niliyachambua yote pembeni. Nilidhani ni yale yaliyokosa kukomaa.”

“Ukayatupa wapi?”

“Sikuyatupa. Nilimpa Ngugi.”

“Ngugi ni nani?”

“Ni wa kanisani, anakaa upande wa Fort Worth, ana uwanja mkubwa. Leo hakuja, yuko kazini Jumapili.” Kerubo akameza mate. “Anafuga kuku.”

Moraa akaweka kalamu chini.

“Kuku,” alisema Bi Flaviana.

“Nilimpigia simu mchana. Hakupokea. Nikamwachia ujumbe.”

“Ujumbe wa kusema nini? Kwamba awapasue kuku wake?”

“Nilisema tu kuna mama anauliza.”

“Mama, haragwe bichi halimfai kuku,” alisema Moraa. “Linaweza kumuua. Kwa hiyo labda hakuwapa.”

“Au aliwapa, na kuku wakafa, na sasa tuna daawa ya kuku juu ya daawa ya maharage. Kerubo, miaka sitini na minane nimeyatetea yale madogo. Mama yangu aliyatetea kabla yangu. Kila mtu anayaona takataka, kila mtu, mpaka siku maji yakija, na siku hiyo ndiyo hutafutwa kwa mshumaa. Hebu niambie, wewe muuguzi, mgonjwa akiwa mdogo na kijivu unamtenga pembeni unampa—”

Mlango wa nyuma ukafunguliwa bila hodi. Aliingia Ngugi, mwanamume mrefu mwenye sare ya kazi, magoti yote mawili yana udongo mbichi, amekumbatia ndoo iliyofunikwa kwa gazeti, jani changa la haragwe likichungulia pembeni. Akatazama meza, akatazama wanawake watatu, akauliza ni nani kati yao aliyekuwa akiuliza. Bi Flaviana, sentensi ikiwa bado mdomoni, akamvutia kiti.